Mama, Dada, Shangazi: Kumwita Msomaji katika Majarida ya Wanawake

Utangulizi

Katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu itikadi na vyombo vya dola, mwanafalsafa Mfaransa Louis Althusser alitoa mfano ambao umekaririwa mno na wahakiki waliomfuata. Askari polisi anapaaza sauti barabarani: "Hei, wewe hapo!" Mpita njia mmoja anageuka. Kwa kule kugeuka tu, anadai Althusser, mtu huyo amekiri kuwa ndiye aliyeitwa, na kwa kukiri huko amejiweka chini ya mamlaka ya aliyemwita. Itikadi nayo hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Haimshiki mtu kwa mabavu. Humwita, naye huitika kwa hiari yake akidhani kwamba hakuna lolote aliloliitikia.

Wahakiki wa majarida ya wanawake waliuona mfano huo kuwa na manufaa makubwa, wala si ajabu. Jalada la jarida lililotundikwa kwenye kibanda cha magazeti ni mwito: humtazama kila apitaye, humuuliza swali na kungoja ageuke. Hata hivyo, mfano wenyewe unapoletwa Nairobi au Mombasa unakumbwa na tatizo. Mwanamke mtu mzima akiitwa "We!" barabarani haitiki, na akiitika huitika kwa ghadhabu. Anayetaka ageuke humwita "mama", "dada", "bibie" au "shangazi". Mchuuzi wa mitumba pale Gikomba analijua jambo hili pasipo kufundishwa na mwanafalsafa yeyote. Ikumbukwe pia kwamba katika Kifaransa cha Althusser askari anatumia nafsi ya pili ya wingi, ile ya heshima kwa mtu asiyejulikana. Tafsiri ya Kiingereza ililazimika kuifuta tofauti hiyo, na wengi waliomsoma kwa Kiingereza hawakujua kwamba kuna kilichofutwa.

Makala haya yanadhamiria kuichunguza tofauti hiyo ndogo na matokeo yake makubwa. Hoja inayotetewa ni kwamba nadharia iliyojengwa juu ya majarida ya Kiingereza haitoshi kueleza jinsi maandishi ya Kiswahili yanavyomvuta msomaji wa kike. Kiswahili humvuta kwa maneno ya udugu, na kila neno la udugu huja na wajibu wake. Suala la kimsingi basi ni nani anayeutimiza wajibu huo pindi msomaji anapoitika.

"Wewe" wa Kiingereza na "wewe" wa Kiswahili

Uchunguzi wa lugha ya majarida haya ulianza na lawama. Betty Friedan, mwaka 1963, aliyashutumu majarida ya Marekani kwa kumfungia mwanamke jikoni na kumwambia kuwa huko ndiko kwenye furaha yake. Marjorie Ferguson (1983) aliyafananisha majarida ya Uingereza na dini yenye makuhani wake, ambao ni wahariri. Angela McRobbie alikuwa tayari amelichambua jarida la wasichana liitwalo Jackie mwaka 1978. Wote hao walishughulikia zaidi yaliyosemwa kuliko namna yalivyosemwa. Ni Norman Fairclough, mwaka 1989, aliyeelekeza macho kwenye nafsi za kisarufi. Alionyesha kwamba vyombo vya habari na matangazo ya biashara huuzungumzia umati kana kwamba kila mmoja katika umati huo anasemezwa peke yake, na akauita mtindo huo unafsishaji wa kubuni. Mary Talbot (1995) aliliendeleza wazo hilo kwa kulirudia jarida lile lile la Jackie, lililochapishwa Dundee kuanzia 1964 hadi 1993. Alichukua kurasa zihusuzo rangi ya midomo na kuonyesha jinsi mwandishi anavyojifanya rafiki wa msomaji: anamuuliza, anamtania, anadhania mengi ambayo wawili hao eti wanayajua kwa pamoja. Udada huo, kwa maoni ya Talbot, ni wa kubuni. Hakuna anayemjua mwenzake, na urafiki wote unaishia kwenye kaunta ya duka la vipodozi.

Uchambuzi huu ni wa kina na haujapoteza thamani yake. Lakini umeegemea jambo moja ambalo wahakiki wenyewe hawakuona haja ya kulitilia maanani: Kiingereza cha sasa kina neno moja tu la nafsi ya pili. Neno hilo humfaa mtu mmoja, huwafaa wengi, na humfaa mtu yeyote asiye mahususi. Tangu Helen Gurley Brown alipochukua uhariri wa Cosmopolitan mwaka 1965, neno hilo limekuwa nguzo ya jalada la jarida la wanawake. Nguvu yake imo katika utata wake. Msomaji hawezi kusema kwamba hakuitwa yeye, wala mhariri hana haja ya kusema kwamba alimwita yeye.

Mwandishi wa Kiswahili hana fursa hiyo. Ni lazima achague kati ya "u-" na "m-", na uchaguzi huo huonekana katika kila kitenzi. Akiandika "Je, mnazijua ngozi zenu?" amekwisha kuitisha baraza, sauti inayosikika ni ya bwana afya aliyesimama chini ya mwembe mbele ya akina mama waliokalishwa chini. Akiandika "Je, unaijua ngozi yako?" amemtenga mmoja na kumkazia macho. Wingi hupoteza ukaribu, umoja huuleta ukaribu pamoja na hatari yake.

Hatari hiyo inatokana na ukweli kwamba nafsi ya pili umoja ina historia katika usemi wa wanawake wa Waswahili, na historia hiyo haikuanza na majarida. Maneno yaandikwayo kwenye kanga aghalabu humsema mtu mmoja bila kumtaja. Mwanamke huichagua kanga yake dukani kwa kusoma jina lake kwanza na rangi baadaye, akajitanda nayo na kupita mbele ya mlango wa jirani. Jirani akilalamika, mwenye kanga atajibu kwamba yeye alinunua nguo tu, maneno aliyaandika mwenye kiwanda. Katika taarabu, hususan ile ya mipasho, mtindo ni huo huo: "wewe" anayeimbwa yumo ukumbini au hayumo, na kila aliye na lake moyoni hujipima kama vazi hilo linamfaa. Msomaji aliyelelewa katika utamaduni huu anapokutana na swali la jaladani kama vile "Unajua mumeo yuko wapi usiku huu?", hawezi kulipokea kama ushauri wa rafiki moja kwa moja. Kwanza atalisikia kuwa ni kijembe.

Ndiyo maana katika maandishi ya Kiswahili kwa wanawake nafsi hiyo ya pili ni nadra kuachwa peke yake. Hutanguliwa au kufuatwa na neno la udugu: "dada yangu, unajua…", "shoga, usikubali…", "mama, jiulize…". Mhakiki anayetumia vipimo vya Fairclough angeyahesabu maneno hayo kuwa mapambo ya ukaribu tu, ilhali kazi yake ni kubwa zaidi. Maneno hayo humweleza msomaji kwamba umoja anaoitiwa si ule wa kanga. Kwamba anayesema ni wa nyumbani na hana nia ya kusuta. Pasipo maneno hayo sentensi nyingi zingegeuka ugomvi.

Udugu wa kuazima

Kati ya maneno yote ya udugu lililopata makao ya kudumu katika magazeti ya Kiswahili nchini Kenya ni "shangazi". Safu ya "Shangazi Akujibu" katika Taifa Leo inajulikana na kila msomaji wa gazeti hilo. Barua zake huanza kwa maamkizi, mara nyingi shikamoo, na kwa maamkizi hayo meza ya mhariri hugeuka kuwa kigoda cha mzee. Uteuzi wa neno lenyewe haukuwa wa kubahatisha. Shangazi ni dada ya baba. Si mama, ambaye binti humwonea haya, wala si shoga, ambaye hajui zaidi ya anavyojua binti mwenyewe. Ni mtu wa ukoo mwenye mamlaka ya ukoo, lakini asiyelala katika nyumba ile. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki yeye ndiye aliyekabidhiwa mafunzo ambayo wazazi hawakuweza kuyatamka. Kwa Waganda jukumu la ssenga limekuwa bayana kiasi kwamba Sylvia Tamale, mwaka 2005, aliweza kuonyesha jinsi lilivyohamia mjini, redioni na kwenye magazeti.

Pwani mambo ni tofauti kidogo. Huko shangazi anapendwa na kuheshimiwa, ila mafunzo ya mwari ni kazi ya somo au kungwi, na mtu huyo si lazima awe wa damu. Huteuliwa na familia. Hujulikana kwa jina na kwa nyumba. Hupewa zawadi zake. Humfuata bibi arusi hadi chumbani, na bibi arusi akiaibika, somo naye ameaibika. Watu hawasemi tu kwamba binti hakufundwa, husema ni nani aliyemfunda. Hapa ndipo unapoonekana uzito wa suala lililotajwa mwanzoni. Ushauri wa somo una mwenyewe. Ushauri ukileta balaa, mlango wa kubishwa unajulikana.

Shangazi wa gazetini hana mlango. Amechukua kutoka kwa shangazi wa kweli haki ya kuuliza yasiyoulizika na ya kuamrisha kwa upole, lakini hana ukoo wa kumwita kikaoni. Kisa cha jarida la Drum kinadhihirisha jinsi pengo hilo linavyoweza kuwa pana. Drum, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1951, halikuwa jarida la wanawake, lakini safu yake ya barua za mapenzi ilisomwa na vijana wa bara zima, zikiwamo nchi za Afrika Mashariki, ambako jarida hilo lilikuwa na toleo lake. Safu hiyo ilipewa jina la Dolly Rathebe, mwimbaji na mwigizaji aliyejipatia umaarufu katika filamu ya Jim Comes to Jo'burg ya mwaka 1949. Wasichana walimwandikia Dolly. Waliowajibu walikuwa waandishi wa kiume waliokaa ofisini na kuazima jina na picha yake. Mwanahistoria Mkenya Kenda Mutongi, katika makala yake ya mwaka 2000, alizichunguza barua hizo na majibu yake, na mara kwa mara majibu hayo yanasikika kama karipio la baba kwa sauti ya dada. Mbinu yenyewe ni kongwe kama utanzu wenyewe: mwaka 1693 mjini London John Dunton alitoa gazeti la kujibu maswali ya mabibi, na waliojibu hawakuwa mabibi.

Si kusema kwamba mwanamume hawezi kumshauri mwanamke. Tatizo ni kwamba mwandikaji wa barua huchagua la kusema na la kuficha kwa kumwangalia anayemwandikia. Aliyeamini anamwandikia mwanamke alifunua ambayo asingeyafunua kwa mwanamume. Jina la udugu lilimfungua kinywa, na aliyelitumia jina hilo hakuwa na udugu huo.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuishia hapo, na hapa ndipo nadharia ya udada wa kubuni inapokosea. Inamchukulia msomaji kuwa mtu aliyedanganyika. Msomaji wa Taifa Leo anajua vyema kwamba Shangazi si dada ya baba yake. Kama angekuwa dada ya baba yake, asingemwandikia. Shangazi wa kweli ana ndugu, na ndugu huyo ni baba. Siri iliyoingia katika sikio lake jioni inaweza kuwa mjadala wa ukoo asubuhi. Msichana mwenye mimba isiyotarajiwa, au mke anayepigwa na mwanamume ambaye ukoo mzima umekwisha kula mahari yake, hahitaji shangazi mwenye ukoo. Anahitaji sauti ya shangazi isiyokuwa na masikio ya baba. Kutokuwa na mlango, ambako mwanzoni kulionekana kuwa ila, ndiko kunakomfanya Shangazi afae. Janice Winship (1987), ambaye alikiri kwamba yeye mwenyewe aliyafurahia majarida aliyokuwa akiyahakiki, alikaribia kuliona jambo hili kuliko wenzake. Pengine ndiyo sababu vilevile wanaume humwandikia Shangazi pasipo haya, wakijigeuza watoto wa kaka yake kwa muda wa aya moja.

Udugu wa kubuni, kwa hivyo, si kosa peke yake. Kinachopaswa kuhakikiwa ni sarufi inayopitishwa chini ya kivuli chake.

Sarufi ya kungoja

Maneno ya udugu huonekana kwa macho, na msomaji makini anaweza kuyacheka. Viambishi havionekani upesi. Hebu ichukuliwe sentensi ya aina inayopatikana katika ushauri wa ndoa wowote ule: "Mumeo anapochelewa kurudi, usimpokee kwa maswali." Mwandishi angeweza kutumia "-ki-" na kusema "akichelewa". Kiambishi hicho kingeliacha suala la kuchelewa likiwa wazi. Huenda atachelewa, huenda hatachelewa. "-po-" hailiachi wazi. Inauchukua uchelewaji kuwa jambo lililokwisha kutokea na litakalotokea tena, mazoea ambayo pande zote mbili zinayafahamu. Msomaji hakuulizwa kama mumewe huchelewa. Hakuulizwa pia kama anaye mume, kwa kuwa "mumeo" imekwisha kumpa. Anabaki na njia mbili: kuazima mume kwa muda wa ukurasa mmoja, au kujitoa katika ukurasa. Katazo lenyewe, "usimpokee kwa maswali", ambalo ndilo jambo pekee linaloweza kubishiwa, linamfikia akiwa amekwisha kukubali mengine yote.

Kiambishi cha "-ja-" kina uzito zaidi. Kiingereza humwita mwanamke asiye na mume kwa kivumishi kinachomaanisha mmoja, pekee. Lolote lisemwalo juu ya kivumishi hicho, kinaeleza hali iliyokamilika. Kiswahili husema "hajaolewa". Lugha ina namna nyingine za kukanusha: hakuolewa, haolewi, hataolewa. Hizo zote zinasikika kama habari nzito, kisa au kiapo. Namna ya kawaida, ile inayoingia hata kwenye fomu za ofisini, ni "hajaolewa", na "-ja-" haisemi kwamba jambo halikutendeka. Inasema kwamba linangojwa. Mwanamke wa miaka ishirini hajaolewa. Wa hamsini pia hajaolewa. Sarufi imemwekea kiti kwenye ukumbi wa kungojea na haikumwonyesha mlango wa kutokea. Msamiati nao haumsaidii. Wapo mjane na mtalaka, lakini hao wamepita katika ndoa. Kapera ni mwanamume. Mseja, katika matumizi ya wengi, ni mwanamume pia, na mara nyingi ni padri. Mwanamke mzima aliyechagua kuishi bila mume hana jina lisilo na kejeli, ndiyo maana waandishi wengi wa Kenya huliazima neno la Kiingereza na kulitamka "singo". Jarida la Kiswahili likitaka kumwita mwanamke huyu kutoka kibandani halina neno la kumwitia isipokuwa "dada", na "dada" hufuatwa na "hujaolewa" baada ya sentensi mbili tatu.

Kuhusu "kuoa" na "kuolewa" mengi yamekwisha kusemwa katika uhakiki wa kifeministi, na hakuna haja ya kuyarudia. Linalostahili kuongezwa ni hili. Mhariri anayetambua udhaifu wa kauli ya kutendwa aghalabu hukimbilia "kufunga ndoa", usemi unaowapa wote wawili nafasi ya mtenda. Badala ya "siku uliyoolewa" ataandika "siku mliyofunga ndoa". Hapo "u-" imekuwa "m-", na mtu anaweza kushangilia. Lakini huyo "ninyi" ni nani? Ni msomaji na mumewe. Katika kurasa za ushauri nafsi ya pili wingi haiwi wanawake wasomao; huwa ni mke na mume: "mnapogombana", "watoto wenu", "msilale na hasira". Ile "m-" ambayo mwandishi aliikwepa jaladani kwa kuhofia baraza la chifu inarudi ndani ya jarida ikiwa imekwisha kupewa kazi nyingine. Msomaji ni mmoja anapokuwa na kosa la kurekebisha, ni wawili anapokuwa na ndoa ya kuokoa. Hakuna mahali ambapo yeye na msomaji wa pili, mwanamke mwenzake mwenye taabu ile ile katika mtaa wa pili, wanakuwa "ninyi".

Siti na wingi uliorudishwa

Wingi huo ndio uliojaribiwa kurudishwa na majarida ya harakati. Nchini Marekani jarida la Ms., lililoanza kutoka kwa ukamilifu mwaka 1972, lilipigania neno hata kabla ya kufunguliwa: jina lake ni cheo kisichobainisha kama mwanamke ana mume au hana. Msomaji wa Kiswahili anaweza kutabasamu hapo, kwani "Bi." haikubainisha kamwe. Kilichowahitaji wanawake wa New York kuanzisha jarida kilikuwamo katika kila bahasha ya Mombasa. Ni kumbusho zuri kwamba lugha haigandamizi mahali pamoja kila mara; Kiswahili kilichomwachilia mwanamke kwenye cheo kilimkamata kwenye kitenzi.

Tanzania, Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kiliundwa mwaka 1987, na mwaka uliofuata kikatoa jarida la Sauti ya Siti. Jina hilo linahitaji kusomwa kwa makini. Linamrejelea Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, uliochapishwa mwaka 1958. "Siti" ni jina la heshima alilopewa ukubwani, lenye maana ya bibi. Kwa hiyo Sauti ya Siti ni sauti ya mtu mmoja mahususi na papo hapo ni sauti ya bibi yeyote. Zaidi ya hayo, Siti aliimba kesi za watu. Wimbo wake kuhusu Kijiti, ambao Laura Fair ameujadili kwa kirefu katika kitabu chake cha 2001, unahusu mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyeponyoka mkono wa sheria. Jarida lililojiita kwa jina lake lilitangaza kwamba halitakuwa shangazi wala somo, litakuwa shahidi.

Katika usemi wa namna hii "wewe" hupungua na "sisi wanawake" huongezeka. Mateso ya chumbani hutolewa nje na kupewa majina ya kisheria: ubakaji, udhalilishaji, mirathi, matunzo ya mtoto. Mke hafundishwi namna ya kumpokea mume. Anaelezwa namna ya kufika mahakamani. Kampeni ambazo TAMWA ilishiriki zilizaa, miongoni mwa mengine, sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana. Ni vigumu kuiona safu ya ushauri wa ndoa ikizaa sheria.

Lakini "tu-" nayo haiaminiki pasipo masharti. Kiswahili hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. "Tumechoka kunyamazishwa" inaweza kuwa kauli ya mwandishi pamoja na mwanamke wa Masasi anayesomewa jarida na bintiye, na inaweza kuwa kauli ya wanahabari wa Dar es Salaam peke yao kwa niaba ya mwanamke huyo ambaye hakuulizwa. Sentensi ni ile ile. Wahakiki hawana haki ya kucheka, maana majarida ya vyuo vikuu yamejaa "tunaona" na "tumethibitisha" za watu walioandika peke yao usiku.

Kenya haikupata Sauti ya Siti yake kwa Kiswahili. Viva, lililotoka Nairobi katika miaka ya 1970 na 1980 na kuhaririwa kwa muda na Salim Lone, liliandikwa kwa Kiingereza. Parents, lililoasisiwa na Eunice Mathu mwaka 1986, vilevile. Uteuzi huo wa lugha ulikuwa mwito wa kwanza kabla ya mwito wowote wa jaladani, kwani ulikwisha kuamua ni nani asiyehitaji kugeuka. Mwanamke wa Kenya aliyesoma lugha zote mbili aliweza, siku moja, kuitwa mteja katika jarida la rangi na mtoto wa kaka katika gazeti la Kiswahili. Mteja huahidiwa uhuru wa kuchagua, kwa gharama aliyoieleza Gloria Steinem mwaka 1990, Ms. lilipoacha kuchukua matangazo ya biashara: mtangazaji ndiye anayeamua habari gani zitakaa jirani na sabuni yake. Mtoto wa kaka haahidiwi uhuru wowote, ila anasikilizwa.

Na kusikilizwa huko kunaonekana zaidi katika barua kuliko katika jibu. Barua ya kawaida kwa Shangazi huanza na maamkizi, ikaeleza umri na miaka ya ndoa, ikasimulia kisa kwa "mimi" na "yeye", kisha ikamalizia kwa "nifanye nini?" Kitenzi hicho kiko katika hali ya dhamira tegemezi, hakina wakati, hakina "-ja-" wala "-po-". Ni mahali pekee katika ukurasa mzima ambapo mwanamke hajawekewa mume, kosa wala saa ya kungoja. Halafu mstari mwembamba unapigwa, na chini yake jibu linaanza: "Ni vyema umweleze mumeo…"